Fisi Asiyefungua Macho

Juzi nilisimama kwa mama mboga karibu na nyumbani nikamkuta ameketi na beseni la mbaazi mbichi mapajani, anaambua. Harufu ilinifikia kabla sijamsalimu. Wanaoijua wanaijua: ukali kidogo kama wa majani yaliyokatwa sasa hivi, na chini yake kitu kama utomvu, kile kinachoganda vidoleni mpaka ukisugue kwa mchanga. Nilinunua mbaazi ambazo sikuwa nimepanga kununua, nikazibeba na maganda yake, na nilipoketi kuziambua jikoni nikawa nasikia sauti ya mvulana ikisema, "Kijiji, laleni."

Sauti hiyo ni ya binamu yangu Kioko. Kijiji chenyewe kilikuwa ua wa susu, nyanya yangu mzaa mama, ng'ambo ya Masii, ambako barabara ya lami inakuacha na unamalizia kwa miguu kwenye mchanga mwekundu. Nilikuwa darasa la nne. Walimu walikuwa wamegoma na mgomo haukuonyesha dalili ya kwisha, kwa hivyo Mama alifunga kibanda chake cha ushonaji huku Athi River, akamwachia Baba nyumba, akanichukua twende tumsaidie Susu kuvuna mbaazi. Kioko naye aliletwa kutoka Syokimau na baba yake, Mjomba Muli, ndugu ya Mama, kwa sababu alikuwa anashinda akizurura na simu. Alikuwa ameshaanza kubalehe, na Sheng yake ilikuwa nzito kiasi kwamba Susu alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho halafu anamwambia, "Sasa rudia hiyo maneno kama mtu aliyezaliwa."

Kabla ya hapo tulikuwa tukimwona Susu wakati wa Krismasi tu, siku za watu wengi na chapati nyingi. Safari hii ndiyo nilianza kumjua. Nyumba yake ilikuwa na masharti. Kigoda hakisogezwi. Jagi la maji linakaa upande wa kushoto wa meza, mpini ukiangalia mlango. Chumvi kopo refu, sukari kopo fupi, na ole wako uyabadilishe. Niliwahi kuacha ndoo katikati ya njia ya jikoni, na nilikaripiwa kama niliyechoma ghala. Mimi nikaelewa kwamba Susu ni mtu wa nidhamu kali kuliko wote duniani.

Kulikuwa na mambo mengine pia. Mtu akiingia langoni, Susu alimtaja jina kabla hajabisha hodi. Jioni alinipa Biblia nimsomee, akisema anataka kuona kama karo ya baba yangu inaliwa bure. Sindano alinipa mimi niingize uzi, kwa sababu nyuzi za siku hizi, alisema, zinatengenezwa na watu wavivu. Na mara moja niliiba sukari, nikasimama nyuma yake kimya kabisa nikiimung'unya, na yeye bila kugeuka akasema, "Mumbua, hiyo ni ya chai."

Kule Sunday school tulikuwa tumefundishwa kwamba kuna jicho linaloona kila kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba lingeweza kukopeshwa mtu hapa duniani, tena bibi kizee wa Masii aliyevuta kitambaa chake cha kichwa mpaka kwenye nyusi na kulalamikia vumbi. Lakini nilianza kuamini hivyo. Nilianza kuosha miguu kabla ya kuambiwa. Nilijaribu hata kutowaza vibaya nikiwa karibu naye.

Halafu Kioko akaleta mchezo.

Alikuwa ameujua shuleni. Huko waliuita kwa jina la Kizungu. Sisi tuliuita Fisi. Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa haliruhusu mtu kurudi shambani, tuliketi sote kwenye kivuli cha ghala tukiambua mbaazi: Susu, Mama, Kioko, mimi, na Mbithe wa jirani pamoja na wadogo zake, ambao walikuja kusaidia na kula. Kioko alieleza akiwa amesimama, mikono ikipaa.

"Ni hivi. Hapa sisi wote ni kijiji. Lakini kati yetu kuna fisi wawili, na hakuna anayewajua isipokuwa wao. Usiku wanakula mtu. Mchana kijiji kinakaa kikao, kinajaribu kuwashika. Tunapiga kura. Mkimtoa fisi, poa. Mkimtoa mwananchi, hiyo ni hasara yenu."

"Usiku upi? Na hii jua?" aliuliza Mama.

"Usiku ni kufunga macho, Anti."

Hatukuwa na karata. Susu ndiye aliyesema tutumie mbegu. Kwenye kibuyu tukatia mbaazi kavu za wananchi, maharagwe mawili ya fisi, punje moja ya mahindi ya daktari na kunde moja ya askari. Kila mtu alitia mkono, akachukua mbegu yake ndani ya ngumi, akajua yeye ni nani. Asiyecheza alikuwa refa. Refa akisema "Kijiji, laleni," sote tunafumba macho. Akisema "Fisi, fungueni macho," wale wawili wanatazamana na kuonyesha kwa kidole wanayetaka kumla. Wakishalala, daktari anafungua macho na kumwonyesha anayetaka kumwokoa. Mwisho askari anamwonyesha mtu mmoja anayemshuku, na refa anamjibu.

"Anamjibu kwa kichwa," Kioko alisema. "Ndio, ama la."

"Kichwa hapana," alisema Susu. "Hapa kwangu refa atagonga debe. Mara moja ni fisi, mara mbili si fisi."

"Lakini Susu, kila mtu atasikia."

"Wasikie. Hawajui ameuliza juu ya nani. Si itakuwa tamu zaidi?"

Ilikuwa tamu zaidi. Ule mgongo wa debe ukilia mara moja katikati ya giza letu la kujitengenezea, sote tulijua fisi mmoja ameguswa, bila kujua ni nani.

Siku za kwanza tulicheza vibaya sana. Tulimshtaki anayecheka. Tulimshtaki asiyecheka. Mimi nilipokuwa fisi nilisema "Mimi si fisi" kabla mtu yeyote hajanitaja, wakanitoa hapo hapo. Tuliwatoa wananchi mmoja baada ya mwingine, na kila mara refa alipotangaza kwamba tumemtoa mtu asiye na hatia, tulipiga kelele za kushangaa kana kwamba si sisi tuliopiga kura.

Susu hakushangaa. Alikaa na macho yamefungwa hata wakati wa mchana wa mchezo, akisema anayapumzisha, vidole vikiendelea kuambua bila kukosa ganda hata moja. Aliacha tuseme yote. Halafu, kura ikikaribia, aliuliza swali moja, la upole kabisa.

"Mbithe, ni nani alikuwa amekaa karibu na aliyeliwa?"

"Sijui, Susu. Mimi nilikuwa nimelala, sikusikia kitu, sikuona mtu yeyote akisonga."

"Mimi nimekuuliza tu ni nani alikuwa karibu."

Mbithe alikuwa fisi. Kesho yake ilikuwa zamu ya Kioko kuumbuliwa, na kesho kutwa Mama. Susu akipata haragwe yeye mwenyewe, alimwachia fisi mwenzake achague wa kuliwa, sisi tukasema ni ukarimu. Halafu mchana alilia pamoja na kijiji kwa aliyeliwa mpaka ukasahau kumshuku. Alitufundisha bila kujua anafundisha. Anayeshtakiwa bure hukasirika kwanza, alisema, ndipo atafute maneno. Fisi huwa na maneno tayari. Sikilizeni anayebadilisha sauti. Sikilizeni aliyeacha kuambua. Ndipo nilipogundua kwamba kweli, mtu akianza kudanganya, maganda mikononi mwake yanatulia.

"Huyu mzee ni noma," Kioko alinong'ona, na sijawahi kusikia mtu akinong'ona kwa heshima namna ile. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeshajua Susu anaona ndani ya watu.

Kila Jumamosi Mjomba Muli alikuja na gari lake, akileta mkate, unga na magazeti ya zamani ya kuwashia moto. Alimpenda mama yake, hilo sina shaka nalo. Lakini kila mara, kabla hajaondoka, aliimba wimbo ule ule: amejenga chumba cha ziada Syokimau, kina choo ndani, Mwaitu aje apumzike. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na wakubwa wote wawili walimwita hivyo. Susu alimjibu kwamba atapumzika mbaazi zikiisha. Kioko alinieleza yaliyobaki tukienda mtoni.

"Buda yangu anasema siku Susu akishindwa kujichunga, anachukuliwa. Hii shamba inakodishwa. Hakuna story."

Kichwani mwangu jambo hilo likakaa kama kura. Kwamba kuna kikao mahali fulani, wakubwa wananyoosha mikono, na mtu anatolewa kijijini.

Ilikuwa kuku aliyeharibu mambo. Mbegu moja ilimponyoka mmoja wa wadogo zake Mbithe, kuku akaidona, na mchezo ukasimama.

"Susu, kuku amekula daktari!" Kioko alisema. "Mimi nachora karata. Hizi mbegu zimezidi."

"Mbegu zina shida gani?" Susu aliuliza, na sauti yake ilikuwa na ukali ambao haukulingana na swali. "Tutaongeza mahindi mengine."

Lakini watoto walishaanza kushangilia. Kioko alikata boksi la sabuni vipande, akachora kwa kalamu: fisi wenye meno marefu, daktari mwenye sindano, askari mwenye kofia, na nyumba za nyasi kwa wananchi. Zilikuwa nzuri kweli. Alizichanganya, akazigawa zikiwa zimefunikwa. Mimi nilikuwa refa siku hiyo, kwa mara ya kwanza, na nilisimama na mwiko wangu wa kugongea debe nikijiona kama chifu.

Susu alipokea karata yake, akaiinua karibu na uso, akaishusha mapajani. "Nimeona," alisema.

"Kijiji, laleni," nikasema.

Wote wakafumba macho. Upepo ulikuwa umetulia. Nikasema, "Fisi, fungueni macho."

Mama akafungua. Alitazama huku na huku akimtafuta mwenzake. Hakukuwa na mwingine. Nilifikiri mmoja wa wale wadogo ameogopa, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Fisi wote, fungueni macho." Mama aliinua mabega kuniuliza nini kinaendelea.

Nikaanza kuzunguka polepole nyuma ya migongo yao, nione ni nani hajui mchezo. Mbithe alikuwa na nyumba ya nyasi. Kioko alikuwa na kofia ya askari. Nilipofika nyuma ya Susu niliona karata yake ikiwa wazi mapajani, kichwa chini miguu juu. Ilikuwa fisi. Na Susu alikuwa amefumba macho kwa amani, uso wake umetulia kama wa mwananchi yeyote anayelala usingizi wa mchezo akingoja kuamka salama.

Nilisimama pale bila kuelewa. Kisha nikainua kichwa nikamwona Mama. Alikuwa amefuata macho yangu mpaka kwenye ile karata. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika namna hiyo bila sauti. Aliitazama karata, akautazama uso wa mama yake, na nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, kwenye jagi, kwenye kigoda, kwenye ndoo niliyokaripiwa, kwenye uzi na sindano. Mimi nami nikarudi naye. Mambo yote niliyokuwa nimeyasoma kwa namna moja yakageuka, moja baada ya jingine, kama mtu anayepindua karata mezani.

Mama akaweka kidole mdomoni. Kisha kwa kidole hicho hicho akamwonyesha mmoja wa wadogo zake Mbithe aliwe, kwa sababu mchezo ulikuwa lazima uendelee.

Daktari alimwokoa mtu mwingine. Nikamwamsha askari. Kioko akafungua macho, akatabasamu, akamwelekezea kidole Susu.

Ilinibidi nigonge. Nikagonga mara moja.

Asubuhi ya mchezo ilipofika nikamtangaza aliyeliwa, na kabla sijamaliza, Kioko alikuwa ameshasimama.

"Wasee, nisikizeni. Mimi ndiye askari. Nimeuliza juu ya Susu. Debe limelia mara moja. Mmesikia wenyewe. Susu ni fisi!"

Vidole vya Susu viliacha kuambua.

Nimekaa na dakika hiyo miaka mingi. Wengine waliona bibi aliyenaswa. Mimi na Mama tulijua kwamba ndiyo kwanza anaambiwa yeye ni nani. Alijua sasa kwamba karata iliyokuwa mapajani mwake ilikuwa na fisi. Kwamba fisi waliitwa mara mbili naye hakufungua macho. Kwamba mimi niliona, na fisi mwenzake, yeyote yule, aliona. Yote hayo yalimwangukia kwa pamoja mbele ya watoto wanaopiga kelele, mmoja wao akiwa mwana wa Muli, ambaye Jumamosi angemsimulia baba yake kila kitu.

Ganda likapasuka mikononi mwake. Akaendelea kuambua.

"Kioko," alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Debe limelia mara moja. Hilo kila mtu amesikia, hata mimi. Lakini ni nani amesikia ukiuliza juu yangu?"

"Hakuna anayesikia, Susu, ni kidole."

"Sawa. Kwa hivyo askari wa kweli anajua fisi ni nani, na amenyamaza kwa sababu anaogopa kuliwa leo. Wewe umesimama wa kwanza. Wewe huogopi. Kwa nini huogopi?"

Watoto wakamgeukia Kioko.

"Mimi nimekaa na nyinyi hapa siku hizi zote," Susu aliendelea. "Nikiwa fisi nalia na kijiji. Leo mmenisikia nikilia? Sikulia, maana sikujua kuna kitu cha kuficha. Nimelala kama nyinyi. Naapa nimelala usiku wote, sikufungua macho hata mara moja."

Na hilo lilikuwa kweli. Nafikiri ndicho kilichotutia baridi, mimi na Mama: alikuwa amechukua kitu kilichotaka kumwumbua, akakiweka wazi mbele ya wote, na kwa sababu kilikuwa kweli, sauti yake ilikuwa ya kweli, na kijiji kizima kikamwamini.

"Wanaosema tumtoe Kioko," nikasema, nikiinua mwiko.

Mbithe akanyoosha mkono. Mdogo wake mwingine akafuata. Waliobaki walikuwa wakimtazama Mama.

"Mimi niko na Mwaitu," Mama alisema, akanyoosha mkono wake juu, mrefu kuliko ilivyohitajika. Susu aligeuza uso upande wa sauti ile. Nadhani hapo ndipo alipojua fisi mwenzake ni nani.

Kioko alitolewa. Alibwaga karata yake ya askari chini, watoto wakapiga mayowe, na yeye akashika kichwa. "Lakini niliwaambia! Niliwaambia!"

Usiku wa pili niliposema "Fisi, fungueni macho," Mama akafungua, na Susu akafungua. Aliinua kitambaa chake juu kidogo. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake vizuri, na yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Yalitazama mahali palipo karibu nami lakini si mimi. Mama alimwangalia muda mrefu, machozi yakimshuka bila kuyafuta, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa amelala. Kisha akachagua wa kuliwa, fisi wakawa sawa kwa idadi na wananchi waliobaki, wakashinda.

Kioko alipiga magoti mbele ya Susu na kumshika miguu. "Susu, wewe si mtu wa kawaida," alisema. Susu alicheka mpaka bega likatikisika. Mkono wake ulipotafuta kikombe, nilikisogeza mpaka kikagusa vidole vyake.

Jioni hiyo Kioko alipoenda kuwarudisha mbuzi, Mama aliketi karibu na Susu. Sikufukuzwa.

"Mwaitu, tangu lini?"

Susu hakuuliza tangu lini nini. "La kulia lilizimika pole pole. La kushoto bado linajua mchana na kivuli."

"Na hukusema."

"Nikisema, kaka yako anakuja na gari." Alipapasa uteo uliokuwa mapajani, akausawazisha. "Sikia, mwana wakwa. Hapa najua kila kitu kilipo. Najua jiwe la langoni, najua mti gani unafuata mti gani mpaka shambani. Hapa mimi ni mtu anayeona. Kule kwa Muli nitaanza kupapasa kuta, na wajukuu watanishika mkono kunipeleka choo. Huko ndiko nitakuwa kipofu."

Mama alimweleza kwamba huo ni mtoto wa jicho, kwamba unatolewa hospitalini Machakos mjini na mtu anarudi nyumbani. Susu hakutaka kusikia. Rafiki yake mmoja alitiwa dawa machoni na mtu wa sokoni, na jicho likaoza. Walibishana kwa sauti ya chini mpaka chai ikapoa. Mwishowe Susu akasema atakwenda, kwa sharti kwamba Muli asijue mpaka jambo liishe, vyovyote litakavyoisha.

Kwa hivyo Jumamosi Mjomba alipokuja, tulikuwa fisi watatu.

Safari hiyo alikuwa amepiga picha ya kile chumba. Alichomoa simu yake, akainama mbele ya Susu kwa furaha ya kitoto. "Ona, Mwaitu. Ona chumba chako."

Susu akaipokea simu kwa mikono miwili, akaishika mbali kidogo, kama afanyavyo mtu mzima anayetaka kuona vizuri. Kioko alikuwa ndani. Mimi niliruka nikainama juu ya bega la Susu.

"Wah, Susu! Dirisha limeshinda la kanisa kwa ukubwa! Na pazia ya kijani!"

Susu alitikisa kichwa taratibu. "Muli, dirisha kubwa hivi na jua la mchana? Unataka nikauke kama mbaazi? Na kijani unajua siipendi."

Mjomba akacheka, akachukua simu yake, akasema pazia si shida, atabadilisha. Nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa chini.

Wiki iliyofuata Mama alimchukua Susu kwenda mjini, akituambia tuseme wameenda kutafuta vitambaa. Mimi na Kioko tuliachwa na mama yake Mbithe. Asubuhi baada ya upasuaji, nani akatokea langoni? Mjomba Muli, siku isiyo yake, akileta pazia jipya la kumwonyesha mama yake. Lilikuwa la rangi ya udongo. Alilishika mkononi akiita Mwaitu, Mwaitu, na nyumba haikumjibu, na mimi nikamwonea huruma nikasema.

"Susu yuko hospitali, Mjomba. Ametengenezwa macho. Alikuwa haoni."

Kioko alikuwa ameenda na mbuzi, kwa hivyo alinichukua mimi peke yangu kwenye gari. Tulikuwa tumeshaanza kuona vilima vya Machakos alipouliza.

"Haoni, haoni kabisa?"

"Mchana na kivuli tu."

"Lakini alishika simu yangu. Alisema dirisha ni kubwa." Akanigeukia. "Ni wewe ulisema dirisha."

"Ndio, Mjomba."

"Mlinicheza," alisema, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani, ikabidi aegeshe gari kando ya barabara. Alikaa ameshika usukani. "Mama yangu alikuwa ananiogopa mimi," alisema, si kwangu. Suala la Syokimau halikuzungumzwa tena baada ya siku hiyo. Susu alikaa nyumbani kwake mpaka mwisho wa maisha yake, miaka mingi baadaye, na chumba kile alilala Kioko.

Wodi ilikuwa na kelele za vitoroli na masufuria ya uji, kwa hivyo hakusikia tukiingia. Alikuwa ameketi kitandani, bendeji kwenye jicho la kulia, na nesi alikuwa akiifungua pole pole huku akimwambia asiogope mwanga. Tulisimama mlangoni. Bendeji ikatoka. Susu alipepesa. Akautazama ukuta. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mikono ya mtu mwingine. Akamgeukia Mama aliyekuwa kando ya kitanda.

"Umezeeka," alisema kwa mshangao, na Mama akaanza kulia na kucheka.

Kisha jicho lile likasafiri likanifikia mimi. Nilikuwa sijamsalimu bado. Mwanamke huyu aliyewajua watu wote kwa nyayo zao, aliyesikia sukari mdomoni mwangu, alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa mgeni.

"Na huyu msichana mzuri," aliuliza, "ni wa nani?"

"Susu," nikasema.

Aliweka mkono mdomoni. Akaninyooshea mwingine, nikaenda, naye akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande mmoja, halafu upande mwingine, bila haraka, huku Mjomba akingoja nyuma yangu zamu yake, na nesi akiwa amesimama na bendeji mkononi.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema. "Ngoja. Usisonge. Ngoja kwanza nikuone."